Namba ya Bibi Bernadeta

Kila siku baada ya shule, Kabula alimsaidia mama yake, Elieth, katika chumba chao cha intaneti pale Kwihara. Mteja akifika, mashine humtungia namba mpya ya kufungulia intaneti, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote, kisha huandika ameingia lini na ametoka lini. Akirudi kesho, hupewa nyingine. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na namba isiyokwisha muda, naye ni Bibi Bernadeta, mama mzazi wa Elieth. Bibi hakutaka kusumbuliwa na namba mpya kila alipotaka kumwona mwanawe wa Nzega kwenye simu.

Bibi alifariki mvua zilipoanza. Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana vitu vyake, Kabula akarithi mkoba. Ndani, chini ya rozari, alikuta kikaratasi chenye namba ile. Kwa akili yake, aliyerithi mkoba amerithi na vilivyomo. Akawa anajibanza nyuma ya nyumba na simu ya zamani, anaangalia katuni, na mama anadhani yuko kisimani.

Alasiri moja aliporudi alimkuta mama ameganda mbele ya mashine. Kwenye kioo jina la marehemu lilikuwa limeandikwa, ameingia, na chini yake, ametoka.

Kabula aliogopa, akaacha kuitumia namba siku hiyohiyo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu mama alianza kusubiri marehemu aingie tena. Chakula hakikumshuka. Upepo ukigonga mlango, alishtuka na kutazama kioo. Mteja akikalia kiti alichopenda bibi, alimwinua. Mwishowe alisema atakifunga chumba.

"Siku anakufa nilikuwa Nzega," alimwambia Kabula kwa sauti ndogo. "Amekuja kuniaga, na mimi sikumwitikia."

Kabula alichukua mkoba, akatoa kile kikaratasi.

"Mama, hakuwa bibi. Nilikuwa mimi."

Elieth hakumpiga. Alikishika kikaratasi, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alipotulia, alimvuta binti yake karibu.

"Mkoba unarithiwa, mwanangu, namba hairithiwi. Kila anayeingia apewe yake, na akitoka ifungwe, la sivyo hatutajua nani yupo na nani ameondoka. Mimi nilikosea kuiacha wazi. Lakini wewe ulijua kinachonitesa, ukanyamaza. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawa mzigo wa mwenzio."

Kabula aliomba radhi. Mama akamwambia amsomee ile namba, naye akawa anaiandika polepole. Kabla ya kubonyeza pa kufungia alisita kidogo.

"Nenda salama, mama," alisema, akabonyeza.

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha bibi, akakaa. Elieth alimtazama, kisha akampa namba yake mpya.