Msaada Si Matanga

"Nani amekufa hapa kwangu?" akauliza Fortunée. "Nionyeshe maiti, njo nitakubali matanga yako."

Binti yake, Kyakimwa, alikuwa amesimama mlangoni na yunifomu yake ya shule. Alikuwa amekwisha kueleza. Sasa alieleza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna aliyesema ni matanga. Ilikuwa sherehe ndogo tu, Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Wadeplase, watu waliokimbia vita bila kutoka nchini mwao, wangekaa mbele, kwenye viti. Majina ya waliotoa yangesomwa kwa kipaza sauti. Kisha mdeplase mmoja angesimama, apokee mifuko ya mchele na makopo ya samaki, ashukuru kwa niaba ya wote, na foto ipigwe. Komite ya wanafunzi ilikuwa imemchagua Sifa, mgeni wa nyumba hii.

"Komite imemchagua," akasema Fortunée. "Na Sifa mwenyewe, nani alimwuliza?"

Hakuna aliyemwuliza.

Sifa alikuwa uani, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mdeplase. Alitoka upande wa Kivu na watoto wake wawili. Walitembea, wakalala kwenye machimbo ya dhahabu, mahali panapoitwa Kama, wakavuka mto, wakafika mji wa Kindu. Fortunée alimkuta sokoni akiwa ameketi juu ya mzigo wake, akamchukua. Tangu siku hiyo Sifa alikaa katika chumba cha nyuma ya duka la Fortunée, hapa katika mtaa wa Kasuku.

Kyakimwa alimpenda Sifa. Ni Kyakimwa aliyeanzisha shuleni shughuli hii ya kuchangia wadeplase. Wanafunzi waliosha pikipiki kando ya mto. Walibeba mizigo bandarini siku ambazo boti zilifika. Waliomba kwa wafanyabiashara, duka kwa duka. Sasa fedha zilikuwa zimepatikana, na mama yake mwenyewe alikuwa anaharibu.

"Mama, hapa kwetu muntu akitoa, anataka kusikia jina lake," akasema. "Tusiposoma majina, watasema komite imekula."

Hilo lilikuwa kweli, na Fortunée alilijua. Kwenye kila matanga mjini kuna mtu wa kusoma: fulani ametoa mfuko, fulani ametoa kitambaa. Wafiwa wanakaa mbele na wanasikia. Asiyesomwa anakasirika mwaka mzima.

Mchi ukanyamaza uani. Sifa akaingia, akifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Mama Fortunée," akasema polepole, "Jumamosi asubuhi nitarudi Kama."

Kyakimwa alidhani hakusikia vizuri. Kama? Huko watoto wa Sifa walikuwa wameharisha mpaka wakashindwa kusimama. Huko mwanamke asiye na mtu anabeba mchanga wa wachimbaji toka asubuhi.

"Sifa, iko shida gani na kushukuru?" akauliza. Sauti yake ilikuwa na uchungu.

"Kushukuru si shida. Nawashukuru kila siku. Lakini foto inakwenda mbali kuliko miguu yangu. Waliochoma nyumba yetu wanamtafuta mume wangu kwa jina. Hawajui watoto wake wako wapi. Ukisoma jina langu mbele ya watu, ukapiga foto, watajua."

Dukani, upande wa barabara, mtu akakohoa.

Alikuwa jirani yao Odile. Alikuja kununua sabuni, akasikia ugomvi wote, na hakujifanya kwamba hakusikia. Odile alifanya kazi katika huduma ya misaada ya parokia. Aliingia na sabuni yake mkononi, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

Alimwambia Kyakimwa kwamba kazi yao ilikuwa nzuri, asiiache. Ila walichukua desturi ya matanga, wakaileta mahali ambapo haiwezi kukaa.

"Fikiri, mtoto wangu. Kwenye matanga, anayepokea leo atatoa kesho. Mimi nikifiwa, weye unaleta. Ukifiwa, ninaleta. Kwa hiyo kusomwa si aibu. Sasa Sifa atakuletea nini kesho? Unamkalisha mbele ya watu na deni ambalo hawezi kulipa."

"Basi tutoe kimya," akasema Kyakimwa. "Mchele tutaupeleka nyumbani kwao."

"Mchele nani ameuomba?"

Odile alieleza habari ya miaka ya vita ya zamani, wakati treni haikufika tena na mji ulifungwa. Yeye na mama yake walijificha msituni. Walipotoka walipewa mablanketi mapya, mazuri sana. Lakini hawakuwa na kitu cha kupikia. Wakauza mablanketi kwa bei ya hasara, wakanunua sufuria moja. Walilala na baridi, lakini walikula.

"Aliyeleta mablanketi alikuwa na moyo mwema," akasema Odile. "Ila hakuuliza." Akamgeukia Sifa. "Na weye, unakosa nini?"

Sifa akatazama chini. Akamtazama Fortunée, akatazama chini tena.

"Sufuria," akasema.

"Sufuria?" Fortunée akashangaa. "Zangu si ziko?"

"Ziko, mama. Mukimaliza kupika na kula, ninaosha, halafu ninapika. Watoto wanasinzia kabla ya chakula kuiva."

Fortunée alikaa. Wageni walikuwa nyumbani mwake tangu mvua za kwanza, naye hakuona. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mgeni atasema nini?"

Odile akaendelea. Hapa Kindu wadeplase wengi hawakai kambini, wanakaa katika nyumba za watu. Mwenye nyumba naye anabeba mzigo: maji yanakwisha upesi, sabuni inakwisha, choo kinajaa. Ukimpa mgeni mbele ya wote na kumsahau mwenyeji, unaacha ugomvi ndani ya nyumba. Kwa hiyo waulizwe wote wawili, kila mmoja peke yake. Tena wanawake waulizwe na wanawake, kwa sababu kuna haja ambazo hawawezi kuzisema mbele ya wavulana wa komite.

"Na waliotoa?" Kyakimwa akauliza. "Nitawaambia nini?"

"Wape hesabu. Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakipanga mistari, onyesha risiti za duka. Sema mumenunua nini, kwa nyumba ngapi. Soma majina ya waliotoa, ukitaka. Jina la aliyepokea usilitaje. Hesabu ni haki ya aliyetoa. Lakini aliyepokea si risiti."

Kyakimwa alichukua simu, akamwita Stéphane, mweka hazina wa komite. Stéphane alikuja na pikipiki, akiwa na bahasha ya fedha, akidhani wanakwenda kununua mchele. Alipoambiwa, alipinga. Spika zimekwisha kukodiwa. Mwalimu amekwisha kualika wazazi. Watu watawacheka.

"Tutaonekana wajinga," akasema.

"Tuonekane," akajibu Kyakimwa. "Sifa hatakwenda Kama kwa sababu ya spika."

Stéphane alimtazama Sifa, akamtazama Kyakimwa. Akampigia mwenye spika, akamwambia hazihitajiki tena. Kisha Kyakimwa akampigia mwalimu, akaeleza yote. Mwalimu akasema fanyeni hivyo, lakini risiti zisipotee.

Hawakungoja Jumamosi. Jua lilikuwa bado juu. Kyakimwa na Odile walipita nyumba kwa nyumba katika avenyu yao. Stéphane alibaki nje ya kila mlango. Nyumba moja ilitaka bidoni, yaani madumu ya maji. Nyingine ilitaka sabuni na vitambaa vya wanawake. Mwenyeji mmoja, fundi wa reli, alitaka jembe, ili yeye na wageni wake walime pamoja. Mchele ulitajwa mara moja. Makopo ya samaki hakuna aliyeyataja.

Kisha wote wakaenda sokoni, Sifa akiwa mbele. Kyakimwa alitaka kumchagulia, lakini Odile alimshika mkono.

Sifa aliinua sufuria, akaigonga kwa kidole, akaisikiliza. Akairudisha. Akachukua nyingine, nzito zaidi, akaangalia chini yake na pembeni.

Muuzaji alikuwa amesikia lafudhi yake. "Mama, weye ni mdeplase?" akauliza.

"Mimi ni mununuzi," akasema Sifa. "Punguza bei."