Kasoli Mbili Katika Ofisi Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Milembe. Mwenyewe hakatai, ukimuuliza leo anaanza kucheka kabla hujamaliza swali. Ila siku ile hakucheka hata kidogo.

Ilikuwa likizo, naye yuko darasa la saba. Kama kila asubuhi ya likizo, alifagia ofisi ya uchapaji ya shangazi yake Mektilda, jirani na stendi ya Bariadi. Miaka ile watu binafsi walikuwa wakifungua biashara kila kona, huyu duka la dawa, yule kinu cha pamba, na shangazi akawa wa kwanza mtaani kuwa na kompyuta. Tatu zilikuwa kuukuu, mtumba wa Mwanza, zenye Windows ya zamani. Ya nne ilikuwa seva ya Linux. Hiyo haikuwa na skrini. Ilikaa chumba cha nyuma, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa. Faili zote zilihifadhiwa humo, na zile kuukuu zilizisoma kupitia waya.

Violeth, rafiki yake, alikuwa akija kujifunza kuchapa. Kompyuta aliyozoea kuitumia iliitwa NASSA, na kwao ni Nassa. Basi hapakukalika.

"Yangu ina jina la kwetu, kwenye ziwa na sato," alitamba. "Yako inaitwa TATU, kama mlango wa choo cha stendi!"

Violeth alipotoka kununua maandazi, Milembe alitafuta mahali panapokaa jina la kompyuta. Akafuta TATU, akaandika KASOLI, kijiji chao. Kompyuta ikamtaka aizime na kuiwasha upya. Kabla hajafanya hivyo, umeme ukakatika.

Uliporudi, Violeth naye akiwa ameshaleta maandazi, shangazi aliziwasha zile kuukuu kwanza, seva mwisho. Akaketi, akabonyeza mara mbili kufungua faili zake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile inayotisha kuliko kelele:

"Kasoli tupu."

Milembe akageuka. "Kasoli ipi, shangazi?"

"Seva, mtoto wewe! Ndilo jina lake. Hamna kitu ndani!"

Ndani yake kulikuwa na orodha ya wanafunzi wa shule tisa watakaofanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, jina la Milembe likiwamo. Gari la ofisi ya elimu lingeichukua saa tisa alasiri. Karatasi za mkono zilikuwa zimerudi shuleni, nyingine mbali kabisa. Milembe alifungua mdomo aseme. Akamtazama shangazi, akaufunga.

Mama Ngeleja, muuza nyanya wa mlangoni, alichungulia. "Mektilda, hii ni kazi ya watu. Ofisi yako imewauma."

Fundi Jabiri, aliyeifunga seva ile, alifika saa sita. "Mchawi wangu mimi siku zote huwa waya, mama," alisema. Akakagua waya zote. Nzima. Akabeba skrini hadi chumba cha nyuma, akaiunganisha na seva. Herufi nyeupe zikajipanga kwenye weusi.

"Dada Mektilda, njoo uone. Faili zako zote tisa zipo."

"Mbona sisi tunaona tupu?"

"Ndilo swali."

Lakini printa ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta ya Violeth, na seva haikuwa na tundu la disketi. Jabiri akajaribu nywila, akazima, akawasha. Saa saba ikapita, saa nane ikagonga. Kila alipofungua Kasoli kutoka NASSA, tupu.

"Kompyuta haibadiliki yenyewe," alisema. "Nani kagusa nini?"

Shangazi akamgeukia Violeth. "Jana ulileta disketi kutoka kwa kaka yako, ndiyo iliyotuletea virusi. Chukua mfuko wako, nenda. Na kesho usije."

"Sikuiingiza, mama! Haki ya Mungu sikuiingiza!" Violeth alilia. Milembe alitazama sakafu.

Ndipo Jabiri akachomoa waya wa seva. Seva ikawa peke yake, haijaunganishwa na chochote. Akarudi kwenye NASSA, akaiita Kasoli.

Kasoli ikaitika.

"Yesu wangu!" Mama Ngeleja alirudi kwenye nyanya zake mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Hata shangazi akasogea ukutani.

Violeth alikuwa tayari kizingitini, mfuko begani. Milembe akamkimbilia.

"Violeth, ngoja!" alipayuka. "Shangazi, ni mimi. Kompyuta yangu niliiita Kasoli. Sikujua kama seva ina jina hilo."

Jabiri alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Kumbe! Umeme uliporudi, yako imeamka kwanza ikalichukua jina. Tunaita seva, anaitika mwingine, tena mikono mitupu!"

Akarudisha jina TATU, akairudishia seva waya wake, akaziwasha zote upya. Wakafungua Kasoli. Faili tisa. Printa ikaanza kukereza, na ukurasa wa mwisho ulitoka gari likipiga honi nje.

Gari lilipoondoka, shangazi alimshika Violeth mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea. Kesho uje."

Milembe akaona pengine pana nafuu. "Lakini shangazi, zilikuwa herufi sita tu."

"Herufi sita nimezirekebisha kwa dakika mbili," Jabiri alisema. "Kunyamaza kwako ndiko kumekula siku nzima. Kukosea, hata mimi nakosea kila wiki. Ila mtu akikosea aseme mapema, fundi ajue pa kuanzia."

"Niliogopa, mjomba."

Shangazi alikuwa akiifunika seva yake kitambaa. Hakugeuka.

"Na Violeth, nilipomwambia achukue mfuko wake, alikuwa anacheka?"