Mume Wangu Alijua Sauti Yangu Haikuchelewa

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, mkaazi wa Kisauni. Nilikuwa mwimbaji wa taarabu. Leo siimbi hata jikoni...

Mume wangu, nitamwita Badi, alikuwa mpiga kinanda wa kikundi chetu. Kwa miaka mingi harusi za Kisauni na Mkomani hazikunoga bila sisi. Basi miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Badi akaleta kompyuta nyumbani. Alisema tutarekodi kaseti wenyewe, sebuleni petu. Nilifurahi mno!

Programu ya muziki ilikataa kufanya kazi kwenye kompyuta ile. Fundi mmoja wa bara, Mutua, akaweka ndani yake kompyuta nyingine ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta, ndipo ile ya muziki ikakubali. Mimi sikuelewa kitu. Nilivaa hedifoni nikaimba.

Ndugu zangu, ilikuwa adhabu! Nikitamka neno, sauti yangu hunirudia masikioni imechelewa... kidogo tu, kama mtu anayenifuatisha kwa kejeli. Nikiisubiri, muziki unanipita. Nikiukimbilia muziki, ulimi unagongana. Badi akinisikizisha tulichorekodi, kweli niko nyuma ya ngoma.

Nilimwambia pengine ni mashine. Akacheka.

"Mashine haina kosa, Mama Salma. Ni umri huo."

Umri gani? Nilikuwa na miaka thelathini na minane!

Akawaita wenzetu wa kikundi waje wanisikilize. Waliinamisha vichwa. Tangu siku ile hofu ikaniingia. Kwenye harusi moja huko Bofu, mbele ya akina mama wote, nilishindwa kuingia kwenye wimbo nilioutunga mwenyewe. Nikajitoa.

Na nani alishika nafasi yangu? Zuhura, shoga yangu, niliyemfundisha hata kuvuta pumzi! Alivaa hedifoni zile zile, akaimba mara moja tu, sawasawa. Nilimpikia chai. Nikamwombea dua...

Kaseti haijatoka, Badi akaniarifu kuwa anamwoa. Akahamia kwake Likoni, kompyuta akaenda nayo.

Siku moja Mutua alipita akimtafuta. Nilimuuliza mbona ile mashine ilimtii Zuhura pekee. Alishangaa.

"Kwani mzee hakukwambia, mama? Ukirekodi ndani ya ile ya kuigiza, sauti lazima ichelewe, hata uimbe vipi. Wiki ya pili nilirudi nikamwekea njia nyingine isiyopitia kuigiza, haichelewi. Akiwasha kompyuta, anachagua mwenyewe."

Anachagua mwenyewe! Miezi minane alinichagulia ile inayochelewa!

Nilivuka feri nikamfuata. Wallahi, hakukana hata kidogo.

"Nilitaka uache mwenyewe," alisema, "watu wasije wakasema nimekutoa."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chini. Kama alijua au hakujua, hadi leo sijamuuliza.

Talaka nilidai, nikapewa. Lakini sauti ni nani atanirudishia? Nikifungua kinywa nasubiri kwanza kujisikia, na wimbo unakwenda zake...

Dada zangu mnaosoma haya, mtu wa karibu akikwambia kipaji chako kimekwisha, usimwamini peke yake! Toka, kamwimbie mwingine. Muulize fundi, muulize jirani, uliza hata kama utaonekana mjinga. Mimi nilikuwa na wa kumuuliza, nikaona haya. Badi alinidanganya, ndiyo, lakini kunyamaza nilinyamaza mwenyewe.