Kagure na Dawa ya Kupe

Kila asubuhi Kagure alikama ng'ombe, akanywa chai, kisha akavaa sweta ya shule. Hata jua la Runyenjes likiwaka, sweta haikutoka mwilini. Ilificha mabaka ya zambarau yaliyomwasha mikononi tangu mwaka uliopita.

"Wewe, utatuambukiza!" Njagi alimwambia darasani, akiburuta dawati lake kando. "Hata Cicily ameomba kuhamishwa!"

Ilikuwa kweli. Cicily, rafiki yake wa tangu chekechea, sasa alikaa dirishani. Kagure alisoma ukurasa uleule tena na tena. Hakukasirika. Hakuhisi chochote.

Jioni alimsaidia baba yake kumpulizia ng'ombe dawa ya kupe. Kama inaua kupe, aliwaza, itashindwa na mabaka? Baba alipokwenda kufunga zizi, Kagure alijipaka mikono yote miwili.

Asubuhi mikono ilikuwa imejaa malengelenge.

"Ngai! Umefanya nini?" mama yake alishtuka.

"Chai ilinimwagikia."

Hospitalini, Daktari Makandi aliitazama mikono kwa muda. "Chai gani hii ya kuunguza mikono yote miwili sawasawa? Nikitibu kisichokuwepo nitakuumiza, mwanangu. Niambie."

Kagure alitazama sakafu. "Ni dawa ya kupe, daktari. Nilitaka mabaka yaishe, rafiki yangu Cicily arudi."

Ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza mwaka ule.

Daktari alimsafisha, akayachunguza mabaka, akampima damu. Majibu yalionyesha virusi vya homa ya ini aina ya C. "Hivi ndivyo vinavyochokoza ngozi," alieleza. "Mabaka yenyewe hayaambukizi, hata mkishikana mikono. Virusi hupitia kwenye damu, kwa mfano mkitumia wembe mmoja."

"Nyumbani tunanyoana wote kwa wembe mmoja," mama alisema polepole.

"Basi kila mtu awe na wake. Na nyote mje mpimwe."

Kagure alimeza vidonge miezi mitatu. Kipimo cha mwisho hakikuonyesha virusi, na mwasho ukaisha. Mwalimu alipolieleza darasa kwamba mabaka hayaambukizi, Cicily alibeba mkoba wake hadi kwenye dawati la Kagure.

"Songa basi," alisema. "Mama alikuwa amenikataza."

Kagure akasonga.

Jioni, mama alimpaka mafuta palipobaki alama. "Ungeshikilia ile hadithi ya chai, daktari angekutibu vipi?" aliuliza. "Ukiugua, sema ukweli. Na usijipake dawa ambayo hukupewa."

"Ndiyo, mama."

"Haya, leta na ule mkono mwingine."