Mstari wa Kijani kwenye Gari la Mkunga

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kumjazia baba ndoo mbili za maji. Baba anang'arisha magari ya watu kwenye karakana, na akirudi nyumbani hukuta jingine linamsubiri uani, maana majirani hawaoni haya kumwambia, "Fundi, nitazamie kidogo hapa." Hiyo "kidogo" yao ndiyo iliyompinda mgongo. Siku hiyo ya Ijumaa alirudi amechoka hoi, akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

Mimi pia nilikuwa nimechoka, ila si kwa sababu ya ndoo. Tangu asubuhi nilikuwa na siri.

Baba amenikataza kupanda baiskeli ndani ya ua. Natakiwa kuikokota mpaka getini, kwa kuwa ua ni mwembamba na watoto wadogo hutambaa popote. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa, nikapanda. Nilipofika kwenye gari jeupe la jirani yetu mkunga, niliyumba, na kapu la chuma la baiskeli yangu ya kijani likapita ubavuni mwa gari. Mlango wa nyuma ukabaki na mstari wa kijani, mrefu kama mkono wangu. Nilitazama huku na huku. Mkunga alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Hakuna aliyeniona, nikaenda zangu shule.

Mkunga alipoamka na kuuona mstari, hakusumbuka kuuliza. Muuza mikate huingia uani kwetu kila asubuhi na baiskeli yenye sanduku la kijani, na hilo lilimtosha.

"Ni yule mzee tu!" alikuwa akisema nilipofika kutoka shule, macho yake mekundu kwa usingizi. "Ananikwaruzia gari, halafu kimya! Kesho asikanyage humu."

Majirani waliokuwa wakianua nguo wakamuunga mkono. Ukiacha yetu na ya mkunga, ua wetu una nyumba kumi, na zote hununua mikate kwa mzee huyo. Nilisimama pale pale na mkoba wangu mgongoni, nikisikiliza. Kisha nikaiingiza baiskeli stoo, nikaifunika gunia.

Baba alipomaliza kupumua kidogo, alijivuta mpaka kwenye gari la mkunga, nami nikamfuata na ndoo. Aliosha mlango kwa sabuni kwanza, maana mchanga ukibaki unachora gari wakati wa kusugua. Kisha akapitisha ukucha juu ya mstari, polepole.

"Afadhali," alisema. "Ukucha ungekwama, ningejua rangi ya gari imekatika. Hii ni rangi ya mwenzake, imekaa juu tu."

Alitia matone machache ya mafuta ya taa kwenye kitambaa laini cha pamba, akaanza kusugua bila kukandamiza. Kijani kikaanza kuhamia kwenye kitambaa. Baba akakiinua karibu na macho, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu.

Baiskeli yangu aliipaka rangi yeye mwenyewe. Kijani hakikutosha, akakichanganya na mabaki ya bluu ya madirisha. Sanduku la mikate ni la kijani cha majani mabichi, lakini kwenye kitambaa kile bluu ilikuwa inaonekana wazi.

"Nimechoka," baba alisema mwishowe. "Nusu iliyobaki nitaimalizia kesho."

Aliyaosha mafuta ya taa kwa sabuni, akaingia ndani. Hakunitazama. Chakula cha jioni kilinishinda.

Asubuhi niliamshwa na kelele za getini. Mkunga alikuwa ameshika komeo, na muuza mikate amesimama nje, ameiegemea baiskeli yake ili kuupumzisha mguu wake mbovu.

"Mama, tazama sanduku langu, halina hata mkwaruzo," alisema. "Nimekukosea nini mimi?"

"Kijani chako kiko mlangoni mwangu! Rudi na mikate yako, mzee."

Mzee hakubishana tena. Alianza kuigeuza baiskeli, akichechemea. Niliona aibu mpaka nikataka kulia.

"Ni mimi," nilisema. Hakuna aliyesikia, ikabidi nirudie kwa sauti. "Ni mimi, mama! Nilipanda baiskeli uani jana. Mzee alikuwa ameshaondoka."

Mkunga aliliachia komeo. "Na jana ukasimama pale, ukanisikiliza nikimsema mzee wa watu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Baba alikuwa ametoka, kitambaa mkononi. "Nilijua tangu jana," aliniambia. "Rangi niliyoichanganya kwa mkono wangu siwezi kuisahau. Nilitaka useme mwenyewe." Kisha akamgeukia muuza mikate. "Lakini kungoja kwangu kumekusimamisha getini mbele ya watu. Nisamehe na mimi, mzee wangu."

Alimpa mzee kigoda, akanipa mimi kitambaa. Niliosha, nikasugua, nikaosha tena, nikapaka polishi kwa kuzungusha mkono, mpaka mabega yakawaka moto. Kila nilipotaka kukandamiza ili nimalize haraka, baba alisema, "Taratibu. Utaitoa na rangi isiyo na kosa." Mwishowe mkunga alipitisha kiganja mlangoni, akaguna kwamba mstari umetoka. Nikajua yamekwisha.

"Gari limepona," muuza mikate alisema kutoka kwenye kigoda. "Na mimi je?"

Sikuelewa.

"Nyumba kumi zimeambiwa ni mimi. Kwa mguu huu nitazunguka mlango kwa mlango nikijitetea?"

Baba alinionyesha mlango wa kwanza kwa kidevu. Mkunga alisema atafuatana nami, kwani yeye ndiye aliyeyaeneza maneno hayo.

Tulibisha hodi nyumba zote. Wengine walinicheka, wengine walinigombeza. Dada msusi alinirudisha nianze upya, eti wateja wake hawakusikia vizuri. Kufika mlango wa kumi sauti ilikuwa imenikauka, na nyuma yetu watu walikuwa wakitoka na sahani kumfuata mzee wa mikate.

Niliporudi, nilijitupa sakafuni karibu na baba. Alikuwa bado anajinyoosha mgongo.

"Umechoka?" aliniuliza.

"Sana, baba."

"Ungesema jana asubuhi, mwanangu, ungebisha mlango mmoja tu."