Kiota Ndani ya Timbo

Jambo la mwisho la kawaida lililotendeka Jumamosi ile ni kwamba Mativo alimsuka mwanawe nywele.

Walikaa kizingitini mwa nyumba yao pale Umoja, saa tisa mchana, Kalekye chini kwenye mkeka, baba yake nyuma kwenye kigoda, mtoto amebanwa katikati ya magoti. Kazi hiyo ilikuwa ya Nthoki. Tangu Nthoki afariki, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, Mativo alikuwa amejifunza kusuka kama alivyojifunza mambo mengine yote: kwa kutazama, kukosea na kurudia. Alipaka mafuta ya nazi, akagawanya kwa kitana, akafunga kila kishada kwa uzi wa kijani. Mstari wa katikati ulienda upogo, kama kawaida.

"Baba, unavuta!"

"Nani alikwambia uwe na nywele ngumu kama za babako?"

"Zako si zimeisha?"

Mativo alijigusa upara, akacheka. Alizibandua nywele zilizokwama kwenye kitana, akazivingirisha pamoja na kipande cha uzi kilichobaki, akakitupa kidonge hicho katika pipa la taka nje ya mlango.

Jirani yake Wakiuru, aliyeuza mitumba Gikomba, alikuwa akianika makoti kwenye kamba. Aliacha koti moja likining'inia kwa mkono mmoja.

"Baba Kalekye! Nywele ya mtoto haitupwi hivyo. Mama yake alikuwa anachoma. Zote. Hata moja haikuwa inabaki."

"Mama Lenah, hiyo ni protini tu. Kama kucha. Kama kwato za ng'ombe."

"Protini! Hiyo protini iko na mwenyewe. Wewe ulisoma ukasoma, mpaka ukapita karibu na akili bila kuisalimia."

Wote watatu walicheka. Mativo hakuinama kukitoa kile kidonge.

Siku za kazi alipima sabuni katika maabara ya kiwanda kimoja Industrial Area. Jumamosi aliongoza wavuvi. Chuo kikuu alikuwa amesomea viumbe wa majini, na nyuma ya Njiru palikuwa na timbo la mawe lililoachwa miaka mingi, baada ya wachimbaji kutoboa chemchemi. Lilijaa maji likawa ziwa. Kuta zake nyeusi zililamba jua kutwa nzima, na maji yakakaa vuguvugu mwaka mzima. Mtu fulani, hajulikani nani, alitia humo samaki wa Naivasha, wale besi wenye mdomo mpana kama mfuko. Makarani, madaktari na wenye maduka walikuja kuwavua kwa mshipi, wakajivunia, wakawarudisha majini. Mativo alipiga kasia, akaonyesha mahali, akafunga ndoano. Walimwita Daktari wa Samaki.

Daktari huyo alikuwa na sharti moja tu. Hakuna kuvua kwenye kiota.

"Jike hutaga, akaenda zake," aliwaeleza wateja. "Dume hubaki peke yake na watoto. Hali chakula, halali usingizi. Chochote kikisogea anakiuma, si kwa njaa, kwa hasira. Kwa hiyo kumnasa ni rahisi mno. Lakini ukimtoa, perege wako pembeni wanangoja kuwala watoto. Sekunde sitini zinatosha. Ukimrudisha baada ya hapo, umemrudisha kulinda mchanga."

Tangu azikwe Nthoki, maneno hayo aliyasema haraka, kisha akazungumzia hali ya hewa.

Mteja wa Jumamosi ile alikuwa mgeni. Kilonzo, mlinzi wa timbo, alikuwa ametuma salamu kwamba kuna mtu anataka kuzungushwa kuanzia saa kumi na moja. Mativo alimwacha Kalekye kwa Wakiuru.

"Nitarudi kabla ya giza."

"Uniletee samaki," alisema Kalekye.

"Samaki wangu hawaliwi."

"Basi wa kazi gani?"

Akapanda baiskeli, akaenda.

Alipofika, mteja alikuwa tayari ameketi ndani ya boti. Alivaa koti zito la sufi, rangi ya jivu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Joto la siku lilikuwa bado linapanda kutoka kwenye mawe. Hakuwa na jasho hata tone.

"Hujambo, bwana? Naitwa Mativo."

"Najua."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa aliyelala. Mativo alisukuma boti, akapiga kasia. Maji yalikuwa shwari. Kule juu ukingoni ndege walikuwa wakipiga kelele, kisha, boti ilipofika katikati, wakanyamaza. Wote. Mara moja.

"Tuanzie kwenye kina," alisema Mativo.

"Nipeleke chini ya ukuta. Kwenye kiota."

"Huko siendi na mtu, bwana. Ni sharti langu."

Mgeni hakubishana. Alitoa mfukoni kopo dogo la bati. Ndani palikuwa na ndoano moja, imefungiwa manyoya meusi yaliyosokotwa. Wavuvi wengi hutengeneza vyambo vyao kwa manyoya ya mbuzi au mkia wa ng'ombe, na Mativo hakuona ajabu.

"Nifungie."

Aliipokea. Akapitisha mshipi wa ufito wa kuvulia kwenye tundu la ndoano, akauzungusha mara tano, akarudisha ncha. Kabla ya kukaza fundo, alilitia mdomoni kulilowesha kwa mate, kama alivyofanya mara elfu. Fundo kavu hukatika. Kila mvuvi anajua.

Ulimi wake ukaonja mafuta ya nazi.

Alilitoa mdomoni polepole. Akalitazama. Katikati ya manyoya yale palikuwa na uzi. Wa kijani.

Akili yake, iliyozoea mizani na vipimo, ilianza kuhesabu. Kidonge kile alikitupa saa tisa na robo. Alitoka nyumbani saa kumi. Hakuna aliyempita njiani. Na mtu huyu alikuwa amefika kabla yake…

"Umetoa wapi hii?"

Mgeni alikuwa ameshachukua ufito kutoka mkononi mwake. Mativo hakukumbuka kumpa. Wala hakukumbuka kupiga kasia, lakini boti ilikuwa chini ya ukuta, kwenye kivuli, mahali pa maji ya kina kifupi. Chini yake, waziwazi kama kitu kilicho nyuma ya kioo, kiota kilionekana: duara la changarawe safi, wingu la watoto wadogo kama moshi, na juu yao dume, ametulia, mapezi yakipepea.

Ndoano ilianguka bila sauti.

Dume aliivamia.

Ufito ukapinda. Mgeni alimvuta mara moja tu, bila kumchosha, akamning'iniza hewani kando ya boti. Samaki alijikunja, akajikunjua. Tone, tone, tone, maji yakarudi ziwani.

"Daktari," alinong'ona mgeni. "Ulisema ni sekunde ngapi?"

"Mrudishe."

"Moja… mbili… tatu…"

"Bwana, nimesema mrudishe!"

"Nani yuko nyumbani kwako sasa hivi, Baba Kalekye? Saba… nane…"

Mativo aligeukia maji. Alitazama chini. Perege wa kwanza alikuwa ameingia kwenye duara. Akafuata wa pili. Wingu la watoto lilitikisika, likapasuka.

"Nani amekutuma?"

"Mama anayemtamani mtoto wake. Kumi na tisa… ishirini…"

"Muongo."

"Wewe ndiye unayemlilia usiku. Ulidhani hasikii? Ishirini na tatu…"

Mativo alitaka kusimama. Magoti hayakumtii. Mikono ilikuwa juu ya kasia, kana kwamba imepigiliwa misumari. Hesabu iliendelea, polepole, sawasawa, kama saa ya ukutani katika nyumba yenye maiti. Thelathini. Arobaini. Harufu ya mafuta ya nazi ilijaa boti nzima, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya udongo mwekundu uliofukuliwa asubuhi. Aliijua. Aliwahi kusimama karibu nayo, kofia mkononi, na Kalekye akamuuliza kwa nini mama anafunikwa.

Hamsini.

Mate yangu, aliwaza. Fundo lina mate yangu. Nimemfunga mwanangu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Hamsini na nne. Hamsini na tano.

Basi alitumia mdomo, kwa kuwa mdomo peke yake ndio uliomtii. Alijitupa mbele kwa uzito wake wote, akaudaka mshipi kwa meno, akauma. Ladha ya mafuta. Ladha ya damu.

"Hamsini na saba…"

Mshipi ukakatika.

Samaki alianguka majini. Alizubaa kitambo kidogo, ubavu juu, kisha akageuka na kwenda chini kama jiwe lililorushwa. Perege wakatawanyika.

Hesabu ilikoma.

Mgeni aliulaza ufito chini ya boti kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Hakuonyesha hasira.

"Umemrudisha," alisema. "Lakini ndoano umeiacha mdomoni mwake."

Mativo alipiga kasia hadi ufuoni bila kugeuka. Alipofika aliruka, akakimbilia baiskeli. Kilonzo alimwita kutoka kibandani kwake: "Daktari! Mbona mbio? Na yule mteja wako amebaki?" Mativo alikanyaga pedali. Hakutazama.

Jua lilikuwa limezama alipoingia uani. Wakiuru alikuwa amesimama mlangoni pake, amemkumbatia Kalekye kwa mikono yote miwili, kanga imemwanguka begani.

"Nimegeuka tu, niweke maharagwe motoni. Nimegeuka tu, Baba Kalekye, na mtoto hayuko. Nimempata kwenu. Amepanda kigoda, mkono uko kwenye komeo ya mlango wa nyuma. Namwita, hasikii. Midomo tu inatembea. Halafu ghafla akaanza kulia."

Mativo alipiga magoti. Mtoto alikuwa mzima. Macho yake yalikuwa ya kawaida, yamevimba kidogo tu.

"Nani alikuwa mlangoni, mwanangu?"

"Mama."

"Ulimwona?"

"Hapana. Alikuwa nje. Alikuwa anahesabu." Kalekye alijifuta pua kwa mkono. "Alisema akifika sitini nifungue. Halafu alifika hamsini na saba akanyamaza."

Wakiuru alijifunga kanga, akaomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Mativo alichukua tochi, akaenda kwenye pipa. Juu palikuwa na maganda ya viazi aliyoyamwaga Wakiuru saa tisa u nusu, yamelala vilevile, hayajaguswa. Akayaondoa moja moja hadi chini kabisa.

Kidonge cha nywele hakikuwepo.

"Sitakuuliza kitu," alisema Wakiuru nyuma yake. "Na wewe usiniambie protini."

Usiku huo alikaa kwenye kiti, mgongo umeegemea mlango wa nyuma, Kalekye amelala mapajani pake.

Asubuhi, kengele za kanisa zikilia, alizifumua nywele za mtoto, akachana, akazichoma zote zilizotoka, unywele kwa unywele, kwenye jiko la makaa. Kisha alimpakia mbele ya baiskeli. Hakutaka kumwacha na mtu yeyote, hata kwa dakika moja.

Walisimama ukingoni mwa timbo, juu ya ukuta. Maji yalikuwa maangavu. Dume alikuwa pale. Wingu la watoto lilikuwa limepungua, lakini lilikuwepo, na pembeni mwa mdomo wake ulipepea uzi wa kijani, mwembamba kama unyasi.

Mativo aliutazama kwa muda mrefu. Kuichomoa ndoano ile kulihitaji nusu dakika, kwa mikono iliyozoea. Lakini kwanza angelazimika kumtoa kwenye kiota. Aliipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili ikampa jibu lilelile: zilibaki sekunde tatu tu.

Akateremka ufuoni, akimshika Kalekye mkono. Kiota kile hakikufikika kwa miguu. Njia ilikuwa boti peke yake. Alipakia mawe ndani yake, moja baada ya jingine, kisha akachukua la mwisho, kubwa, akatoboa ubao wa chini. Akaisukuma kwa mguu. Maji yakaanza kuingia kwa mlio mdogo wa kubwia.

Kalekye alikuwa akiangalia upande wa pili, kule kwenye kivuli.

"Baba," alisema taratibu, "baada ya hamsini na saba ni—"

Mativo alimziba mdomo kwa kiganja chake kilicholowa, akamvuta karibu, akamshikilia hivyo mpaka boti ikazama yote.