Majivu ya Desmond Ackroyd

Majivu ya marehemu Desmond Ackroyd yaliibwa siku ya ishirini na saba ya safari, baada ya kifungua kinywa, meli ikiwa imeiacha Panama nyuma na Ikweta ikiwa mbele, mwendo wa siku moja.

Inspekta Agnelo Rebelo alipofika chumba namba 6114 alimkuta mjane ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, macho kwenye rafu tupu.

"Alikuwa pale," Bibi Winifred Ackroyd alisema. "Saa mbili nilimuaga nikaenda kula. Nikapita kwenye kundi la kufuma. Saa tano narudi, hayupo."

"Chombo kikoje?"

"Cha mviringo. Cha chumvi iliyoshindiliwa, rangi ya waridi. Ukikitia majini kinayeyuka, majivu yanakwenda yenyewe. Nahodha amenipa ruhusa ya kukishusha kesho saa nne asubuhi, tukivuka Mstari wa Ikweta. Desmond alikuwa mhandisi wa meli za mizigo. Aliniachia neno hilo moja tu, kwamba alazwe Mstarini."

"Kitapatikana kabla ya hapo."

"Unaniahidi, Inspekta?"

"Nakuahidi."

Ahadi ilimtoka kirahisi mno. Rebelo alikuwa polisi wa Margao, Goa, miaka kumi na minane kabla ya kuwa mkuu wa usalama wa meli ya kitalii *Lady Rosamund*, na cheo cha inspekta kilimfuata baharini kama jina la ubatizo. Melini kesi zake zilikuwa za wazee kugombania viti vya jua. Wanaamka saa kumi na mbili, wanatandika taulo kwenye kiti kutangaza umiliki, kisha wanarudi kulala, na ole wake atakayeigusa taulo hiyo. Safari ya siku mia na nne ni ndefu. Mtu akishakula mara tano kwa siku na kucheza karata, kinachobaki ni kumchunguza jirani yake.

Alikagua eneo la tukio. Kitasa hakikuwa kimevunjwa. Alipapasa kabati, akapiga magoti na kuchungulia uvunguni. Masanduku mawili yalimzibia njia, akayasukuma. Yalikuwa mazito, akaulaani mgongo wake. Hapakuwa na chombo. Rafuni alikuta chembe chache za chumvi ya waridi, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi. Alama za vidole zilikuwa za watu watatu: mjane mwenyewe, mhudumu wa chumba, na mtu mwingine.

"Nani mwingine ana ufunguo wako?"

"Wifi yangu, Beryl. Huna haja ya kutafuta mbali. Alitaka kaka yake azikwe nyumbani Hull, kwenye kaburi la ukoo, karibu na mama yao. Tuligombana mezani mbele ya watu. Tangu tupite Madeira hatusemezani."

Saa sita mchana meli nzima ilikuwa na habari. Kwenye foleni ya supu walikuwa wameshamhukumu Beryl, na kwenye meza ya karata walikuwa wanakadiria ametupa chombo upande gani wa meli.

Kumbukumbu za kitasa zilionyesha kadi mbili asubuhi ile. Saa tatu u nusu, kadi ya Rodel Magbanua, mhudumu, wakati wake wa usafi wa kila siku. Saa nne kasoro dakika kumi, kadi ya Beryl Ackroyd.

Beryl alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alimpokea Rebelo wima, kana kwamba yeye ndiye aliyemwita ofisini.

"Uliingia chumbani mwa wifi yako."

"Niliingia. Ufunguo nilipewa, sikuuiba."

"Kufanya nini?"

"Kumuaga kaka yangu bila kusimamiwa."

"Ukaondoka na chombo."

"Chombo hakikuwepo. Nilidhani Winnie amenifichia, maana anaweza. Nikasimama mbele ya rafu tupu kama mjinga, nikatoka."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Kwa Winnie? Mwenzangu akiniona kwenye lifti anajifanya anasoma orodha ya chakula."

"Nitapekua chumba chako."

"Pekua. Ukimaliza, tandika kitanda kama ulivyokikuta."

Alipekua. Hakupata chombo wala chembe moja ya chumvi. Alipogeuka kuaga, Beryl alikuwa amekaa, na sauti ya ualimu imemwishia.

"Inspekta, mimi na Winnie tumebaki wawili. Mkipate tu. Mkimweka huko Mstarini, mwekeni."

Rebelo alimwamini, na jambo hilo lilimsumbua, kwa sababu mtuhumiwa mwingine hakuwa naye.

Alikwenda chumba cha kamera. Msaidizi wake, Tek Gurung, aliyekuwa askari huko Nepal, alirudisha picha za korido ya vyumba.

"Rodel huyo, mkuu," Gurung alisema. "Anaingia. Anatoa mashuka machafu. Anarudi. Anatoka na yule tembo wake wa taulo, anamweka kwenye kitoroli. Anakwenda. Baada ya dakika kumi, Bibi Beryl anaingia, anatoka mikono mitupu."

"Rudisha."

Waliitazama mara mbili. Rodel alikuwa kijana wa Iloilo, Ufilipino, mwenye vidole vya ajabu. Kwa kukunja taulo mbili na kuzivika miwani ya mgeni anakufanyia nyani, bata, sungura wa mapambo. Wageni walimpenda kupita nahodha. Mara zote mbili Rebelo alimwona tembo na asione kitu, kwa vile tembo wa taulo melini ni wa kawaida kama kijiko.

Alitoka akapanda lifti. Ndani walikuwemo vikongwe wawili waliotoka kwenye somo la dansi.

"Jana usiku nilimkuta nyani kitandani," mmoja alisema.

"Una bahati. Mimi nimemwomba Rodel sungura. Jioni nikitoka kula nitamkuta."

Mlango wa lifti ulifunguka. Rebelo hakutoka. Alirudi chini, akakimbilia chumba cha kamera.

"Gurung. Wanyama wa taulo hutengenezwa lini?"

"Jioni, mkuu. Wakati wageni wako mezani, vitanda vikitandikwa vya kulalia."

"Na huachwa wapi?"

"Kitandani."

"Sasa niambie, umewahi kuona mnyama akitoka chumbani, tena asubuhi?"

Gurung aliitazama picha iliyosimama. Tembo alikuwa mnene isivyo kawaida tumboni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Rebelo alisema, na hakufurahia.

Kwenye kitoroli cha Rodel walikuta chembe zilezile za waridi. Rodel mwenyewe alikuwa anapanga sabuni. Alipowaona wawili, aliweka sabuni chini taratibu.

"Kiko wapi?" Rebelo aliuliza.

"Stoo ya mashuka, mkuu. Rafu ya juu, ndani ya foronya nne. Nimekiweka mbali na mvuke."

"Unakiri kukichukua?"

"Nakiri."

"Ulitumwa?"

"Hapana."

"Ulitaka akulipe ili umrudishie? Ulitaka kumkomoa?"

"Mama Winifred? Hata kidogo, mkuu."

"Unajua adhabu. Mhudumu akigusa mali ya mgeni anashushwa bandari ya kwanza. Keshokutwa ungekuwa Callao na begi lako. Una watu nyumbani?"

"Mke na mapacha. Najua adhabu."

"Basi kwa nini?"

Rodel aliangalia mlango. Gurung aliufunga.

"Mkuu, ulipokagua chumba uliangalia chini ya kitanda?"

"Niliangalia."

"Masanduku yalikuwa mepesi au mazito?"

Rebelo aliukumbuka mgongo wake.

"Safari hii imebakiwa na siku sabini na saba," Rodel alisema. "Mgeni akiingia, nguo zinakwenda kabatini, masanduku yanawekwa uvunguni matupu mpaka usiku wa mwisho. Ya Mama Winifred yalikuwa matupu mpaka Jumatatu. Jumanne nafagia, hayasogei. Yamefungwa kamba. Yana karatasi za anwani, na anwani si yake, ni ya mtoto wa dada yake. Kabatini limebaki gauni moja la kesho. Sufu yake ya kufumia amenipa nimpelekee mke wangu. Jana akanishika mkono akaniambia, 'Rodel, baada ya kesho chumba hiki hakitakupa kazi tena.'"

Gurung aliegemea mlango. Chini yao injini ilinguruma kama siku zote.

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Mwaka wa juzi, kwenye meli nyingine, kulikuwa na babu mmoja. Niliona vilevile. Nikamwambia msimamizi wangu. Akanijibu kazi yangu ni kutandika vitanda, nisiwachungulie wageni roho zao. Baada ya siku mbili nikaingia asubuhi kutandika. Kitanda kilikuwa hakijalaliwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekuja kwako na nini, mkuu? Masanduku? Nyinyi polisi mnataka kosa. Mtu akihuzunika hamfungui jalada. Kitu kikiibwa, mnakuja wawili na mifuko ya plastiki. Nikasema, basi, niwape kosa. Na yeye kila siku anasema haendi popote bila Desmond. Nikajua, Desmond akipotea, na yeye haendi."

Rebelo alikuwa ameandika maungamo mengi maishani. Hili lilimfanya aone haya. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ushahidi mkubwa kuliko yote, akausukuma kando ili atafute chombo. Na alikuwa ameahidi kukirudisha kabla ya saa nne kesho.

Alimwita daktari wa meli, kisha Beryl, akawaeleza bila kuzunguka. Beryl alishika ukuta.

"Mwezi mzima nimemnunia," alisema. "Mwezi mzima, na mimi napita mlangoni pake."

Halafu Rebelo alikwenda kwa nahodha, wakakaa muda mrefu. Saa kumi, wageni walipokuwa kwenye chai na keki, alibisha hodi 6114. Daktari na Beryl walibaki koridoni.

"Nimekipata," alisema.

Bibi Winifred alifumba macho. "Mungu akubariki. Nipe."

"Kiko kwenye sefu yangu, kizima. Lakini nina swali, na nakuomba unijibu kama ulivyokuwa ukimjibu mumeo. Masanduku haya yanakwenda kwa nani?"

Aliyatazama masanduku uvunguni. Alipojibu, sauti yake haikutetemeka.

"Miaka hamsini na miwili, Inspekta. Naamka nakuta nimemwekea kikombe. Nilifikiri nitazoea, sikuzoea. Kwa hiyo kesho nilitaka kwenda naye. Si jambo la kupigia kelele. Sikutaka kumsumbua mtu. Nguo nimezikunja."

"Kuna mtu amesumbuka."

"Nani? Beryl?"

"Beryl yuko hapo mlangoni, analia. Lakini wa kwanza ni Rodel. Ndiye aliyechukua chombo."

"Rodel si mwizi."

"Aliona masanduku. Alijua ukienda na mumeo Mstarini hutarudi. Akamchukua mumeo ili ubaki."

Mama huyo hakuwa ametoa chozi mchana kutwa. Sasa yalimtoka yote, na Rebelo alimwacha alie.

"Mtamfanya nini?" aliuliza baadaye.

"Utaratibu ni kushushwa Callao. Nahodha amekubali abaki, lakini kwenye chumba cha kufulia, mbali na vyumba vya wageni. Shauri litasikilizwa Southampton, mwisho wa safari, tarehe kumi na tisa Aprili."

"Nafuta malalamiko. Lete karatasi."

"Hayafutwi kwa karatasi. Mlalamikaji atatakiwa kufika mwenyewe, aulizwe na ajibu kwa mdomo wake. Asipofika, jalada linabaki lilivyo, kwamba Rodel Magbanua ni mwizi, na hataajiriwa tena na meli yoyote."

"Nani katunga sheria ya kijinga namna hiyo?"

"Mimi," Rebelo alisema. "Leo saa nane mchana. Nahodha ametia sahihi."

Alimtazama kwa hasira, na hasira hiyo ilimpa Rebelo matumaini ya kwanza siku ile.

"Ni siku sabini na saba," mjane alisema. "Hujui siku moja ina urefu gani."

"Sijui. Daktari atakuja kila siku. Na Bibi Beryl anaomba kuhamia humu leo, kama utakubali. Anasema atalala hata kwenye kochi."

"Beryl anakoroma."

"Nitamwambia umekubali?"

Hakukataa. Alipangusa macho kwa ncha ya shali.

"Na Desmond? Mstari ni kesho."

"Kesho tutauvuka. Tarehe nane Aprili tutauvuka tena, upande wa Atlantiki, tukirudi nyumbani. Uamuzi ni wako. Ukitaka kesho, utakuwa katikati yangu na wifi yako, na daktari nyuma. Ukitaka Aprili, atakaa kwenye sefu yangu, pakavu."

Bibi Winifred aliigeukia rafu tupu. Nje watu wa chai walikuwa wanacheka jambo, na mtu alikuwa anaomba maziwa zaidi.

"Miaka kumi na tisa nilikwenda kumpokea gatini Hull," alisema. "Kwenye mvua, kwenye theluji, meli ikichelewa siku mbili, siku tano. Anashuka, ananiambia, 'Winnie, pole kwa kusubiri.'"

Aliivuta shali mabegani.

"Mwite Beryl aingie. Mwambie Rodel nitakuwepo. Na huyo bwana, safari hii, naye asubiri."